Mgonjwa Asipungue Uzito: Mwongozo wa Lishe kwa Wanaouguza Nyumbani na Wodini Mombasa

Mtu akilazwa katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Pwani, pale Makadara, au akirudishwa Kisauni au Likoni kuuguzwa na watu wake, jamaa humjia na vitu ambavyo karibu havikosi: chupa ya supu ya mifupa iliyochujwa, madafu mawili matatu na kinywaji cha glukosi. Huletwa kwa mapenzi na kila kimoja kina faida yake, lakini mgonjwa aliyeshiba vitu hivyo ameshiba maji. Kikombe cha supu iliyochujwa mara nyingi hakifikishi kilokalori 50 (kilokalori ni kipimo cha nguvu iliyomo katika chakula), kikombe cha maji ya madafu kina takriban kiasi hicho hicho, na glukosi ni sukari tupu isiyo na chembe ya protini. Tumbo hujaa, hamu ya kula huondoka, na mwili wenye homa au kidonda huendelea kujitafuna wenyewe.

Mwili wa mgonjwa haupungui kama wa mtu aliyeamua kufunga au kupunguza unene. Homa, maambukizi, upasuaji na saratani huufanya uvunje misuli ili upate protini ya kupambana na ugonjwa, na misuli hiyo ni pamoja na ile ya kupumulia, ya kukoholea na ya kumwezesha mtu kujiinua kitandani. Ndiyo maana aliyekonda hupona vidonda polepole, hushikwa na maambukizi mapya kwa urahisi na hukaa wodini muda mrefu zaidi. Uzito uliopotea katika wiki mbili huweza kuchukua miezi kurudi. Kwa hiyo mwongozo huu, uliokusudiwa watu wazima, unataka lishe ianze siku ya kwanza ya ugonjwa, wala isingojee nguo zianze kumpwaya mgonjwa.

Hatua ya kwanza: pima, kisha andika

Macho ya anayemwona mgonjwa kila siku ni shahidi mbaya, kwa sababu mabadiliko humjia kidogo kidogo. Mpime uzito siku ya kwanza, kisha mara moja kila wiki, kwa mizani ile ile, asubuhi kabla hajala, akiwa ameshakwenda haja na amevaa nguo nyepesi. Ambaye hana mizani nyumbani anaweza kuomba kupimwa katika zahanati au katika duka la dawa lenye mizani. Andika tarehe na uzito katika daftari dogo, na katika ukurasa huo huo uandike uzito wake wa kawaida kabla hajaugua, hata kama ni kwa kukadiria.

Hesabu yenyewe ni nyepesi: toa uzito wa sasa kutoka kwa ule wa zamani, gawanya kwa ule wa zamani, zidisha kwa 100. Aliyekuwa na kilo 62 na sasa ana 57 amepoteza kilo 5, yaani takriban asilimia 8. Kupoteza asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, bila kukusudia, ni jambo la kumfikisha kwa mtaalamu wa lishe hata kama mgonjwa bado anaonekana mnene. Hapa ndipo wengi hupotoka, kwani mwenye mwili mkubwa akikonda hupongezwa.

Mizani hudanganya pale miguu au tumbo linapovimba, kwa kuwa lita moja ya maji mwilini ni kilo moja kwenye mizani. Mwenye ugonjwa wa moyo, figo au ini anaweza kuongezeka kilo huku nyama ikimwisha. Kwa mtu wa namna hiyo, na kwa asiyeweza kusimama, tumia utepe wa fundi cherehani: tafuta katikati ya mfupa wa bega na kiwiko katika mkono wa kushoto, zungusha utepe bila kuubana, usome. Kwa mtu mzima, mzingo ulio chini ya sentimita 23.5 huashiria kwamba mwili umekwisha kuwa mwembamba kupita inavyofaa. Pima mahali pale pale kila mara, kwa sababu kusogea kidogo hubadilisha jibu.

Hatua ya pili: jua kwa nini mgonjwa hali chakula

Neno "hataki kula" limeandikwa katika faili nyingi za wagonjwa, na mara nyingi si kweli. Angalia mdomo kwanza, kwa tochi. Utando mweupe kwenye ulimi, vidonda, jino bovu au meno ya bandia yanayocheza kwa sababu ufizi umenyauka, vyote hivi humfanya mtu asukume sahani bila kusema sababu. Uliza kuhusu choo, maana aliyefunga choo siku nne, hasa anayetumia morfini, dawa kali ya maumivu, hana nafasi ya chakula tumboni. Uliza kuhusu dawa, kwa kuwa metronidazole, dawa ya maambukizi, huacha ladha ya chuma mdomoni, na metformin, dawa ya kisukari, huweza kupunguza hamu ya kula. Maumivu, kichefuchefu na kuhema navyo huzuia kula, na kila kimoja kina tiba yake, kwa hiyo umweleze daktari kabla ya kuanza kumlazimisha mtu. Huzuni nayo ni sababu, na wazee huificha kuliko vijana.

Kuna sababu nyingine ambayo huonekana tu kwa anayekaa wodini wakati wa chakula. Sahani huwekwa juu ya kabati la pembeni, mgonjwa amelala chali, mkono mmoja una dripu, na kijiko kiko upande wa mkono huo. Baada ya nusu saa sahani huondolewa ikiwa kama ilivyokuja, na inaandikwa kwamba amekataa.

Hatua ya tatu: jua anahitaji kiasi gani

Mgonjwa mzima huhitaji takriban kilokalori 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo, isipokuwa pale ugonjwa wa figo unapobadilisha hesabu, jambo tutakalolifikia. Mwenye kilo 50 basi atafutiwe kilokalori 1,500 na protini isiyopungua gramu 60. Protini ndiyo inayokosekana zaidi katika sahani za wagonjwa wetu, kwa sababu mgonjwa hupewa uji, wali laini na viazi, na kitoweo huachiwa wenye afya.

Siku ya kufikisha kiasi hicho huweza kuwa hivi: asubuhi uji ulioboreshwa kwa namna itakayoelezwa hapa chini, baada ya saa mbili au tatu, yai la kuchemsha na nusu ya parachichi, mchana bakuli dogo la mseto wa pojo kwa nazi pamoja na kipande cha changu au nguru kisicho na miiba, alasiri kikombe cha maziwa lala, usiku viazi vitamu vilivyopondwa na yai lililovurugwa ndani ya mchuzi. Yai moja lina protini gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja bila vidole karibu gramu 20. Ukijua namba hizo tatu unaweza kukisia siku nzima bila mizani ya jikoni.

Hatua ya nne: ongeza nguvu ya chakula, usiongeze wingi wake

Hii ndiyo hatua yenye kazi kubwa, na ndiyo inayoleta tofauti inayoonekana kwenye daftari. Mgonjwa anayeweza kumaliza kikombe kimoja tu hatamaliza viwili kwa kuombwa wala kwa kutishwa. Kinachowezekana ni kukifanya kikombe hicho kibebe zaidi.

Chukua uji wa wimbi. Ule mwepesi wa vijiko viwili vya unga, maji na sukari kidogo una takriban kilokalori 100. Sasa upike hivi: koroga vijiko vinne vya mezani vya unga katika maji baridi kidogo zaidi ya nusu kikombe, tia kwenye sufuria yenye kikombe kimoja cha maziwa yanayochemka, koroga mpaka uive, kisha utie kijiko cha mezani cha siagi ya karanga, kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na kijiko cha mezani cha sukari. Uji huo unafika karibu kilokalori 450 na protini gramu 15, na ujazo wake hauzidi sana ule wa kwanza. Ukiwa mzito mno kwa mgonjwa mchovu, usiongeze maji. Uache upoe kidogo mpaka uweze kunyweka, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, yaani wimbi lililooteshwa, likaanikwa na kusagwa, ukoroge na usubiri dakika chache. Kimea huukata wanga na uji hulegea wenyewe bila kupoteza kitu. Kisha uchemshe tena kwa muda mfupi, kwa sababu unga wa kimea haujapikwa.

Jiko la Pwani lina vyakula vya wagonjwa ambavyo havihitaji kubuniwa upya. Mseto wa mchele na pojo uliopondwa na kumaliziwa kwa tui zito la kwanza ni laini, una protini ya nafaka na ya kunde zikisaidiana, na humezeka hata kwa asiye na meno. Bokoboko, ambalo huonekana zaidi kwenye harusi na sikukuu, ni ngano na nyama zilizosagika hadi zikawa kitu kimoja, na kwa maoni yangu lingestahili kupikwa kwa ajili ya mgonjwa kabla ya kufikiriwa kopo lolote la dukani. Mkate wa kumimina, wenye mchele, nazi na mayai, unafaa kuwekwa karibu na kitanda na kukatwa vipande vidogo. Hata supu ya mifupa ina nafasi yake ikiwa nyama itaachwa ndani, ikakatwakatwa na kupondwa pamoja na viazi. Tatizo halikuwa supu, bali kichujio.

Tui zito lina kilokalori nyingi, takriban 200 kwa kila mililita 100, lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo mbaazi za nazi ni chakula kamili kuliko mchicha wa nazi peke yake. Dagaa wakavu waliotolewa vichwa, wakakaangwa bila mafuta na kusagwa, hutoa unga ambao kijiko kimoja chake huongeza gramu 5 hivi za protini katika uji au mchuzi. Mwenye kichefuchefu atausikia harufu, basi huyo umpe siagi ya karanga badala yake. Chagua karanga na nafaka kwa macho makali. Unyevu wa Mombasa hukuza ukungu upesi, na zilizoingia ukungu, zilizosinyaa au zilizo chungu huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupikwa.

Unga wa kopo unaouzwa kwenye maduka ya dawa una kazi pale chakula cha kawaida kinaposhindikana. Soma lebo: ikiwa sukari imetajwa kwanza na protini ni gramu mbili tatu kwa kipimo, umelipia maziwa matamu kwa bei kubwa. Pakiti za chakula tiba cha karanga zinazotolewa na kliniki za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI kwa waliokonda ni dawa iliyopimiwa mtu mmoja, na hazigawiwi watoto wa nyumba hata wakililia.

Hatua ya tano: panga saa

Milo mitatu mikubwa imfae mwenye afya. Mgonjwa agawiwe midogo sita, kila baada ya saa mbili mpaka tatu, na mlo mkubwa uwekwe wakati ule ambao yeye mwenyewe huwa na nguvu zaidi, ambao kwa wengi ni asubuhi. Vinywaji vije baada ya chakula au katikati ya milo, visitangulie. Akiwa na kiu, kiu hiyo iondolewe kwa maziwa au uji mwepesi badala ya soda. Mketishe wima, muoshe mdomo na mikono, uondoe mbele ya macho yake chombo cha haja na cha mkojo, kisha kaa naye ule. Wengi hula zaidi wakiwa na mwenzi wa kula, na baada ya mlo hatua chache hadi barazani husaidia, kwa kuwa protini hujenga misuli inayotumika.

Mwezi wa Ramadhani ukifika na mgonjwa akasisitiza kufunga, azungumze na daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na asikumbushwe hukumu ya dini kwa ukali. Ruhusa ya mgonjwa kula na kulipa siku baadaye imo katika Qurani yenyewe, na imamu anayemheshimu ataieleza vizuri zaidi kuliko mkwe wake.

Wodini

Uliza siku ya kwanza kama wodi hiyo ina mtaalamu wa lishe, na uombe amwone mgonjwa. Kenya ina sheria ya mwaka 2007 inayosimamia taaluma hiyo, kwa hiyo una haki ya kutarajia mtu aliyesajiliwa. Kabla ya kuleta chakula cha nyumbani, umuulize muuguzi kilichoruhusiwa.

Upasuaji ndio mlango ambao kilo nyingi hutokea. Kwa kawaida mgonjwa huacha chakula kigumu saa sita kabla ya usingizi wa dawa na maji matupu saa mbili kabla, ingawa kauli ya daktari wa usingizi wake ndiyo ya kufuatwa. Inavyokuwa ni kwamba huambiwa asile tangu usiku, operesheni huahirishwa alasiri, na kesho yake mambo hurudi vile vile. Usione haya kuuliza, kwa adabu, mara tu inapoahirishwa: "Dada, sasa anaruhusiwa kula?" Baada ya upasuaji uliza tena ni lini ataanza, maana mara nyingi ruhusa imeshatolewa na hakuna aliyeipeleka kitandani.

Magonjwa yanayobadilisha hesabu

Mwenye kisukari anayekonda huku akiona kiu na kukojoa mara kwa mara hakosi chakula. Sukari imepanda na chakula kinampitia. Huyo apimwe sukari kwanza. Nguvu zaidi ziongezwe kupitia karanga, parachichi, mayai na mafuta, si kupitia sukari na glukosi.

Ugonjwa wa figo ndio unaotaka tahadhari kubwa katika mji wetu, kwa sababu madafu, ndizi, parachichi na machungwa yana potasiamu nyingi, na potasiamu ikipanda moyo huweza kusimama. Ambaye hajafikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine huweza kuamriwa apunguze protini, ilhali anayesafishwa huhitaji nyingi zaidi, kwa vile mashine humpotezea. Ushauri wa jirani mwenye ugonjwa wa figo unaweza basi kuwa kinyume kabisa cha unaohitajika.

Kwa mwenye kifua kikuu, mizani ni sehemu ya tiba, kwa sababu kipimo cha dawa hufuata uzito. Dawa zikifanya kazi, uzito unatarajiwa kupanda. Ukiendelea kushuka katika mwezi wa pili, kliniki ijulishwe. Anayeishi na virusi vya UKIMWI na ana dalili za ugonjwa huhitaji nguvu asilimia 20 hadi 30 zaidi ya kawaida, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani.

Saratani ina ukondefu wa aina yake, ambao chakula peke yake hakiwezi kuurudisha wote nyuma, na familia inapaswa kuambiwa hivyo ili isimlaumu mgonjwa. Bado kuna ya kufanya. Chakula cha baridi au cha uvuguvugu hakitoi harufu kali, kwa hiyo anayechefuliwa na harufu ya kukaanga huweza kula maziwa lala yaliyopoa au samaki wa jana aliyehifadhiwa vizuri kwenye friji. Ndimu husaidia ladha ya chuma ikiwa hana vidonda mdomoni, na kijiko cha plastiki pia. Asukutue kabla ya kula kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu.

Aliyepatwa na kiharusi asitiwe chochote mdomoni, hata maji, mpaka umezaji wake upimwe. Kukohoa wakati wa kumeza, sauti ya majimaji baada ya kunywa na chakula kubaki shavuni ni dalili kwamba kinaelekea mapafuni.

Aliyekaa muda mrefu bila kula

Hapa huruma huweza kuua. Mtu ambaye kwa zaidi ya siku tano hajala kitu cha maana hapewi sahani iliyojaa, kwa sababu mwili ukipokea wanga mwingi ghafla, fosfati, potasiamu na magnesiamu huingia ndani ya seli na kupungua kwenye damu, moyo ukavurugika. Aanze na nusu ya mahitaji yake, au chini ya hapo, kwa siku mbili za kwanza. Ikiwa zimepita siku kumi au zaidi, au amekonda sana, aanzie hospitalini kwa kilokalori 10 hivi kwa kila kilo, akipewa vitamini B1 kabla ya chakula na huku damu ikipimwa, kisha apandishwe polepole katika muda wa wiki moja. Uvimbe wa ghafla, udhaifu, moyo kwenda mbio au kuchanganyikiwa baada ya kuanza kula ni dharura.

Mpira wa kulishia

Ikiwa kumeza hakuwezekani lakini tumbo linafanya kazi, mgonjwa hulishwa kwa mpira unaopita puani, na jamaa wengi huuogopa wakidhani ni dalili ya mwisho. Sivyo. Kabla ya kila mlo angalia alama iliyowekwa kwenye mpira pale unapoingia puani. Ikiwa imesogea, usitie kitu, mwite muuguzi. Inua kichwa cha kitanda nyuzi 30 hadi 45, umwache hivyo hadi saa moja baada ya mlo. Pitisha maji safi kabla na baada. Uji wa nyumbani huziba mpira na mara nyingi una nguvu ndogo kwa vile lazima uwe mwepesi, kwa hiyo fomula ambayo mtaalamu ameichagua ni bora inapopatikana. Akikohoa au kubadilika rangi, simamisha hapo hapo.

Usafi na joto

Tui huchacha upesi, maziwa ndiyo zaidi, na mgonjwa aliyekonda akiendesha siku mbili hupoteza kazi ya wiki. Chakula cha wodini kisafirishwe katika chupa ya kuhifadhi moto, kikiwa kimetoka jikoni kikichemka, na kilichobaki baada ya saa mbili kisirudishwe kwake. Jamaa anayevuka feri ya Likoni saa za msongamano aihesabu foleni hiyo ndani ya saa hizo mbili.

Mrudishe hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki akipungua kilo mbili ndani ya wiki moja, akishindwa kumeza, akitapika siku nzima, au akiwa na usingizi usio wa kawaida. Nenda na daftari la uzito na orodha ya alichokula siku tatu zilizotangulia, ikitaja vikombe na vijiko, kwa kuwa neno "anakula kidogo" halimpi mtaalamu cha kukokotoa.